Blero ya kwanza na maji ya Kivu

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, brashi ya kunyolea ndevu tunaiita blero. Neno ni la Kifaransa, blaireau, na kwa wenye lugha lina maana mbili: brashi yenyewe, na mnyama ambaye nywele zake ndizo zilizoipa brashi hiyo sifa. Mnyama huyo kwetu hayupo. Anaishi Ulaya na Asia. Ana mwili mnene, miguu mifupi, kucha ndefu za kuchimbia, na uso wenye mistari myeusi na myeupe. Jamaa yake wa mbali tuliye naye Afrika ni nyegere, mpenda asali, lakini nywele za nyegere si za kazi hii. Kwa hiyo mtu akikuambia ununue blero, amekutajia kifaa tu, hajakuambia kimetengenezwa kwa nywele za nani. Mimi jambo hili nililielewa nikiwa mtu mzima, tena kupitia brashi ya baba yangu.

Brashi ile ilikuwa na mpini wa mbao uliokuwa mwekundu zamani. Baba aliitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na mashine ya kuwekea wembe na kipande cha shabu, lile jiwe la kukaushia damu baada ya kunyoa. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimetobolewa matundu mengi kwa msumari. Tarehe 17 Januari 2002, volkeno yetu ya Nyiragongo ilipopasuka na lava ikashuka kuukata mji, tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, pamoja na umati wa watu. Mama alimbeba mdogo wetu mgongoni, sufuria mkononi. Baba alibeba mfuko mmoja wenye hati za kiwanja na vyeti vyetu vya shule. Tulipofika ng'ambo akaufungua kuhakikisha vyeti vipo, na katikati ya karatasi nikaliona lile kopo. Kesho yake asubuhi, amechuchumaa kando ya ukuta wa nyumba ya watu, kwa maji ya kikombe kimoja, alinyoa ndevu kama alivyonyoa siku zote. Nilikuwa na miaka tisa. Povu lile jeupe usoni pake, na moshi uliofunika upande wa kwetu, sijavisahau mpaka leo.

Brashi hiyo sasa iko kwangu. Siku moja niliipeleka dirishani penye mwanga nikaitazama unywele mmoja mmoja. Nywele zilikuwa nene, zimenyooka, rangi ya majani makavu, na kila ncha ilikuwa imepasuka mara mbili au tatu. Hiyo ndiyo alama ya nywele za nguruwe. Blero ya baba haikuwa na hata unywele mmoja wa blero, na ilimhudumia vizuri maisha yake yote.

Nimeanza na hadithi hii kwa sababu ya mtoto wa baba yangu mdogo, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyepata kazi yake ya kwanza mwaka huu na anayetakiwa kufika kazini amenyoa. Kidevu chake kilikuwa kimejaa vipele. Alikuwa ananyoa kwa nyembe za plastiki za kutupa, sabuni ya kuogea na maji baridi, harakaharaka kabla motari, dereva wa pikipiki, hajafika. Alikuja kwangu Jumapili moja, akaniona nikinyoa, akakaa kimya mpaka nimemaliza. Kisha akasema, akiniita yaya kama tunavyomwita huku ndugu mkubwa, "Yaya, na mimi nataka blero. Lakini ile ya kweli, ya mnyama mwenyewe." Siku mbili baadaye alinitumia kwenye simu picha za brashi tatu, zote zimeandikwa kwamba ni za blero, bei ya moja ikiwa mara tano ya bei ya nyingine. Alitaka nimwambie achague ipi.

Nilimjibu kwa swali: unanyoa kwa maji gani?

Akadhani nimekwepa. Lakini swali ni hilohilo, na ndilo ambalo maelezo ya Ulaya na Marekani huliacha mwishoni au hayaligusi kabisa, kwa kuwa mwandishi ana bomba lenye maji ya moto na anaandikia watu wenye bomba kama lake. Brashi ni chombo cha maji. Inabeba maji hadi kwenye sabuni, inayachanganya na sabuni na hewa mpaka yawe povu, kisha inalisukuma povu hilo hadi kwenye mzizi wa kila unywele ili ndevu zilainike. Ndevu zilizokaa dakika mbili au tatu katika maji ya uvuguvugu na povu hukatika kwa urahisi kuliko ndevu kavu. Sifa yote ya nywele za blero imetokana na hapo: ni nyembamba nchani, zimenenepa kidogo katikati, na zikikusanywa fundo moja huyashika maji mengi kati yake, kisha huyaachia polepole unapozungusha. Nywele za nguruwe zinafanya tofauti. Zenyewe hunywa maji na kulainika, ndiyo maana lazima uziloweke kwanza, na zikishazoea kazi, baada ya wiki kadhaa, ncha zinapasuka na kuwa laini. Baba hakuwa na haraka. Aliiloweka brashi yake ndani ya kikombe, akaenda kufungulia kuku, akarudi.

Sasa maji yetu. Mji wa Goma umekaa juu ya mawe ya lava. Mvua inanyesha kwa wingi, lakini maji yanapenya mwambani na kupotea, hatuna mito wala vijito. Tunategemea ziwa. Regideso, shirika la maji, inasukuma maji kutoka Ziwa Kivu, na mabomba yakikauka watu wanashuka ziwani wenyewe na bidoni za njano. Maji ya Kivu yana madini mengi, kwa sababu chini ya ziwa kuna chemchemi zinazotoka katika miamba ya volkeno, na madini yanayozidi ni bikaboneti na magnesiamu. Mtu aliyekulia hapa anaijua ladha yake, anaijua alama nyeupe inayobaki kwenye sufuria. Magnesiamu ikikutana na sabuni, inaishika mafuta yake na kuyageuza utando mweupe usioyeyuka. Sabuni iliyopaswa kuwa povu inakuwa ukoko kwenye kuta za beseni. Ndiyo sababu mama zetu wanapofua kwa maji ya ziwa sabuni inaisha upesi, na wanapofua kwa maji ya mvua wanafurahi.

Nilimwambia mdogo wangu afanye jaribio kabla hajatoa hata faranga moja. Chukua chupa mbili ndogo za maji. Moja uitie maji ya bomba, nyingine maji ya mvua. Katika kila moja tia kipande cha sabuni kinacholingana na ukucha wa kidole kidogo, tikisa kwa dakika moja, uziache zikae mezani. Alinitumia picha jioni. Chupa ya mvua ilikuwa imejaa povu hadi shingoni. Ya bomba ilikuwa na povu kidogo juu, limeshaanza kuzama, na maji chini yake yamepauka kama maji yaliyooshewa mchele.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza kwa anayeanza hapa Goma halihusu brashi. Kinga maji ya mvua. Unahitaji lita mbili tu kwa wiki nzima ya kunyoa, maana kikombe kimoja kinatosha kwa siku. Mvua inapoanza, acha kwanza dakika kumi na tano za mwanzo zipite, kwani hizo zinaosha vumbi la bati na majivu ambayo Nyiragongo hutumwagia, ndipo uweke ndoo. Huna maji ya mvua? Unaweza kunyoa kwa maji ya ziwa, ila ongeza sabuni na punguza maji mwanzoni, na pendelea krimu ya kunyolea kuliko sabuni ya mche. Nimewaona watu wakiacha kabisa kunyoa kwa brashi wakisema brashi zao ni mbovu, kumbe brashi ilikuwa nzima.

Ukishajua maji yako, ndipo nywele za brashi zinakuwa na maana.

Zile brashi tatu za pichani zilikuwa zimeandikwa "Pure", "Best" na "Silvertip". Haya ni majina ya madaraja ya nywele za blero, na utayakuta kwenye boksi karibu zote. "Pure" ni nywele za kawaida, nyingi nyeusi au kijivu cheusi, fupi na ngumu kidogo; zinakwaruza. "Best" ni nyembamba zaidi, zina mkanda mweusi katikati na ncha nyeupe. "Super" iko juu ya hapo. "Silvertip" ni ya juu kabisa: ncha zake ni nyeupe zenyewe bila kupaushwa, laini, na hushika maji mengi kuliko zote. Tatizo ni kwamba hakuna chombo chochote cha dunia kinacholinda majina haya. Kila kiwanda kinaamua chenyewe kiite nini. "Super" ya kiwanda kimoja inaweza kuwa "Best" ya jirani yake, na "Best" ya mchuuzi asiye na jina inaweza kuwa chochote. Usilinganishe madaraja ya viwanda viwili kana kwamba ni kilo za sukari.

Kwa anayeanza naipendelea "Best". "Silvertip" inavutia sana, na muuzaji atakuambia kwamba ukinunua bora kabisa hutarudi tena dukani. Lakini fundo lake linabeba maji mengi mno kwa mtu ambaye mkono wake haujajua kipimo. Utapata povu jembamba lenye mapovu makubwa, linalokauka shavuni kabla hujafika kidevuni, na kwa maji yetu ya magnesiamu utalipata mara mbili. "Best" ina ukakamavu kidogo. Inachimba sabuni vizuri, inakusamehe ukikosea maji, na bado ni laini usoni. "Pure" ningeikwepa kwa kijana mwenye vipele, kwa sababu ncha zake zinachoma ngozi iliyokwisha kuumia, na kwa bei isiyozidi hiyo unapata brashi nzuri ya nguruwe au ya sintetiki, yaani ya nyuzi za kiwandani.

Kuhusu ukubwa sina maneno mengi. Tazama kipenyo cha fundo, pale nywele zinapoingia kwenye mpini: milimita 22 hadi 24 zinafaa uso wa mtu yeyote. Urefu wa nywele juu ya mpini uwe kama milimita 50. Zikizidi sana zinalegea kama mkia wa mbuzi, zikipungua sana zinasimama kama fagio. Fundo lenye umbo la balbu ya taa lina nguvu katikati na linafaa kutengenezea povu usoni moja kwa moja; lenye umbo la feni linaenea zaidi na linafaa bakulini. Mpini uwe wa kushikika kwa mkono wenye sabuni. Rangi ya mpini chagua uipendayo, mbona utaiona kila asubuhi.

Jambo ambalo ningependa kulikalia zaidi ni uaminifu wa nywele zenyewe, kwa sababu kuna historia mbaya hapa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia biashara ya nywele za brashi ilivurugika, nywele za blero zikaadimika, na mafundi wakaanza kutumia nywele za farasi zilizotiwa rangi zifanane na za blero. Nywele hizo zilitoka Asia na nyingi hazikusafishwa ipasavyo. Zikaleta kimeta. Kati ya mwaka 1915 na 1924 watu zaidi ya 200, wengi wao askari wa Marekani na Uingereza, waliugua ugonjwa huo kutokana na brashi zao za kunyolea, na baadhi walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi kutoka Japani. Wafugaji wa Masisi wanakijua kimeta kwa ng'ombe. Ni vigumu kufikiri kwamba kiliwahi kuingia kwa mtu kupitia shavu, asubuhi, akijiandaa kwenda kazini.

Leo viwanda vinavyojulikana vinasafisha nywele zao na hofu hiyo imepita. Uigaji haujapita. Nimeshika mkononi brashi zilizouzwa kama blero ambazo zilikuwa nywele za nguruwe zilizochorwa mkanda mweusi. Kuzitambua si kazi kubwa. Fungua fundo kwa vidole utazame ndani: unywele wa blero una rangi zake tangu mzizi, chini umepauka, katikati mweusi, juu umepauka tena, na mkanda huo haukai sawasawa kwa kila unywele kwa kuwa hakuna wanyama wawili waliolingana. Mkanda ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, huo umechorwa. Ncha ya blero huwa kali na nzima, ya nguruwe imepasuka. Halafu osha brashi kwenye bakuli jeupe. Maji ya kwanza yanaweza kuwa na vumbi, lakini yakiendelea kutoka meusi mara ya pili na ya tatu, hiyo ni rangi ya dukani. Brashi yangu ya kwanza niliyoagiza mwenyewe ilitoa maji meusi siku nne.

Ukiona brashi mpya inapoteza nywele tano, sita, kumi katika wiki ya kwanza, usishtuke. Ni zile ambazo hazikushikwa na gundi. Ikiendelea mwezi mzima, irudishe kama unaweza. Na itanuka. Blero ni mnyama wa shimoni, nywele zake zikilowa zinarudisha harufu ya mwenyewe. Ioshe kwa shampuu, itengenezee povu la nguvu, iache na povu lake usiku kucha, suuza asubuhi. Mara mbili au tatu harufu inakwisha.

Kuna swali jingine ambalo siwezi kulipita, nalo ni la mnyama mwenyewe. Uingereza blero analindwa na sheria ya mwaka 1992, na nywele karibu zote zinazotumika, hata kwenye brashi zinazofungwa Ulaya na viwanda vya heshima, zinatoka China. Mwaka 2018 watetezi wa wanyama walitoa video kutoka huko zikionyesha wanyama hao wakifungiwa na kuuawa kwa ukatili, na kampuni kadhaa zikaacha kutumia nywele zao. Niliziona video hizo. Brashi ninayo, nilikuwa nimeinunua kabla, na nitaitumia mpaka iishe. Baada ya hapo sitanunua nyingine ya blero. Mdogo wangu nilimwambia hivyo waziwazi kabla hajachagua, kwa sababu mtu anayesema anataka "ya mnyama mwenyewe" anastahili kujua habari za mnyama huyo.

Nina pia rafiki Mwislamu mwenye duka Birere aliyekuwa akitumia brashi ya nguruwe bila kujua, kama baba, kwa sababu aliinunua ikiitwa blero. Alipojua aliumia sana. Yeye sasa anatumia sintetiki, na amepumzika na maswali yote. Na nikisema kweli, sintetiki za miaka hii ni nzuri mno. Hazinuki, hazihitaji kulowekwa, zinakauka upesi, na dola 10 hadi 20 zinakupa nzuri kabisa. Ya nguruwe inapatikana kwa bei hizohizo. Blero ya kuanzia inaanza dola 30 hivi, na "Silvertip" ya kiwanda chenye jina inapita 100. Kwa mshahara wa kwanza wa kijana wa Goma, tofauti hiyo ni magunia ya makaa.

Vipele navyo. Ndevu zetu ni za kujikunja. Ukizikata chini ya ngozi, ncha iliyochongoka inajikunja na kurudi kuingia ngozini, mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Hakuna brashi inayoponya hilo. Inachofanya brashi ni kulainisha ndevu na kuzisimamisha ili wembe mmoja upite mara moja kwa wepesi, usilazimike kukandamiza wala kurudia. Zungusha povu taratibu kwa dakika nzima, ukimalizia kwa kupaka kama anayepaka rangi ukutani. Nyoa kuelekea ndevu zinakolalia, usivute ngozi, usirudi kinyume hata ukihisi vinyweleo vimebaki. Nyembe zenye makali matatu au manne zinavuta unywele na kuukata chini ya ngozi, na kwa ngozi zetu hapo ndipo balaa huanzia. Ukimaliza suuza kwa maji baridi, pitisha shabu iliyolowa, basi. Kama vipele vina usaha au vinaenea, acha wembe kwanza umwone muuguzi. Na brashi, kama wembe, ni ya mtu mmoja. Damu kidogo isiyoonekana inatosha kupitisha homa ya ini.

Povu lenyewe linajifunza kwa mkono. Loweka brashi katika maji ya uvuguvugu dakika mbili, ikung'ute mpaka isidondoshe, izungushe juu ya sabuni nusu dakika, au weka krimu kiasi cha haragwe moja bakulini. Povu la mwanzo litakuwa zito na kavu. Ongeza maji kwa matone, zungusha, ongeza tena. Unatafuta povu linalong'aa, lisilo na mapovu ya kuonekana, zito kama mashanza, maziwa ya mgando ya Masisi, yaliyopigwa vizuri. Mdogo wangu alilipata siku ya tano, akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kunieleza.

Lakini nimetangulia, sijasema alichagua ipi. Aliniambia amefikiri wiki nzima, na kwamba bado anataka blero, moja ya maisha, aitunze. Sikumpinga. Alichukua "Best" ya milimita 24 ya kiwanda cha Ujerumani, shangazi yetu wa Brussels akaibeba hadi Kigali, na mtu wa basi akaifikisha mpakani.

Siku aliyoifungua nilimpa masharti matatu, na yote niliyajifunza kwa hasara. Maji yasiwe ya moto mkali kamwe: niliwahi kumimina maji ya birika lililotoka kwenye babula, jiko la makaa, moja kwa moja juu ya brashi, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka gundi ikalegea na fundo zima likang'oka mpinini. Usiikandamize wala kuikamua kwa kuipotoa, nywele zinakatika katikati na fundo linabaki na shimo. Na usiifungie ikiwa mbichi. Mji huu una unyevu, kuanzia Septemba mvua hainyamazi, na brashi iliyofungiwa kabatini inaota ukungu kwenye mizizi, mahali usipopaona. Suuza, kung'uta, iache wazi penye hewa.

Hapo ndipo nilipolielewa kopo la baba. Yale matundu ya msumari kwenye kifuniko, ambayo utotoni tulidhani ni ya mchezo, aliyatoboa ili brashi ipumue. Nikamwonyesha mdogo wangu. Akalishika, akalitazama juu na chini, akapitisha kidole kwenye matundu yaliyoanza kushika kutu. Kisha akaniuliza kama nina kopo jingine, na msumari.